Diploma ya sayansi ya moto: inakuingiza zimamoto au inakusaidia ukishaingia?

Kuna swali linazunguka sana kwenye familia zetu huku Marekani, hasa zile zenye vijana wanaomaliza sekondari. Mtoto anasema anataka kuwa mzimamoto, mzazi anamjibu sawa mwanangu, basi nenda koleji ukaisomee hiyo kazi. Wanafungua tovuti ya komyuniti koleji ya mtaani kwao wanakuta kweli ipo, diploma ya sayansi ya moto, miaka miwili, krediti kama 60, wanaona basi mambo yameisha. Halafu anatokea mtu mwingine, tena mara nyingi ni mtu aliyeko kazini kabisa, anamwambia kijana usipoteze muda wako, idara ikikuchukua itakufundisha yenyewe na itakulipa mshahara ukiwa unafundishwa. Hapo mzazi anachanganyikiwa na kijana naye anachanganyikiwa.

Mimi naona wote wawili wana ukweli ila kila mmoja anaongelea kitu chake, na kinachotuchanganya sisi watu wa Afrika Mashariki na Kongo ni unesi. Ndio, unesi. Maana hiyo ndo njia ya koleji tunayoijua vizuri kuliko zote, karibu kila ukoo una mtu aliyepita huko, na yeye alisoma miaka miwili, akafanya mtihani wa NCLEX, akapata leseni, kazi ikaja. Kwenye unesi bila ile diploma huruhusiwi hata kukaa kwenye chumba cha mtihani, yaani diploma ndo mlango wenyewe. Sasa mzazi anaichukua ile ramani ya unesi anaiweka juu ya zimamoto, na haikai, kwa sababu zimamoto mlango uko sehemu nyingine kabisa.

Tuangalie kwanza mtu anaingiaje. Idara ya jiji inatangaza nafasi, unaomba, unafanya mtihani wa kuandika, unafanya mtihani wa nguvu za mwili, unakaa mbele ya jopo wakuhoji, wanachunguza maisha yako ya nyuma, rekodi ya polisi, rekodi ya udereva, madeni, wanakupima afya na akili, halafu unawekwa kwenye orodha na unasubiri kuitwa. Ukiitwa unaingia akademi yao na unalipwa. Kwenye masharti ya kuomba, idara nyingi zinataka uwe na miaka 18 au zaidi, cheti cha sekondari au GED (mtihani unaochukua nafasi ya cheti hicho), leseni ya udereva, na nyingi siku hizi zinataka na EMT, yaani cheti cha kuhudumia wagonjwa wa dharura kwenye ambulensi. Diploma ya sayansi ya moto haimo. Hata ofisi ya takwimu za kazi ya serikali kuu ikieleza elimu inayohitajika kuingia kwenye kazi hii inasema ni mafunzo ya baada ya sekondari yasiyofikia digrii.

Na hiyo orodha isikie tu. Chicago walifanya mtihani wa kuingilia 1995, uliofuata ukaja 2006, halafu 2014. Ule wa 1995 walikaa watu zaidi ya 26,000, jiji likaweka mstari kwenye maksi 89, aliye juu ya hapo ndo anachukuliwa kwanza, na waombaji weusi kama 6,000 waliofaulu lakini wakaangukia chini ya mstari wakashtaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na 2010 majaji wote kwa kauli moja wakawapa haki ya kuendelea na madai yao. Naitaja kwa sababu inaonesha kitu gani kilikuwa kinaamua maisha ya watu pale. Ilikuwa ni maksi za siku moja. Kijana aliyesoma miaka miwili na ambaye hajasoma walikuwa wanapimwa kwa karatasi ileile.

Mtihani wa mwili nao hauangalii cheti. Idara nyingi zinatumia CPAT, ambao ulitengenezwa na chama cha wazimamoto kwa kushirikiana na chama cha wakuu wa zimamoto, una vituo 8 na unatakiwa umalize vyote ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Unavaa kizibao cha pauni 50, na kwenye kile kituo cha kwanza cha kupanda ngazi unaongezewa pauni 25, yaani kama kilo 34 mwilini na huruhusiwi kushika reli, dakika 3 nzima. Bado kuvuta mpira wa maji, kubeba vifaa, kusimamisha ngazi, kupiga nyundo, kutambaa gizani, kuburuta mdoli wa pauni 165, mwisho unasukuma na kuvuta dari kwa mti mrefu. Nimeona vijana wazuri wenye akili zao wanaishia kwenye zile ngazi. Miezi ya mazoezi ndo inayokutoa hapo, sio somo.

Kingine ambacho watu hawakijui mpaka waingie ni kwamba kazi yenyewe kwa sehemu kubwa sio moto. Mwaka 2020 idara za zimamoto Marekani ziliitwa mara milioni 36 hivi, na moto ulikuwa kama asilimia 4 tu ya hizo simu, karibu theluthi mbili zilikuwa ni wagonjwa, bibi kaanguka bafuni, mzee kifua kinambana, ajali barabarani, mtu kazidisha dawa. Ndo maana nasema mwenye cheti cha EMT, ambacho ni mafunzo ya miezi michache, saa 150 mpaka 200 hivi, mara nyingi anaingia kwenye mchujo akiwa na nguvu kuliko mwenye diploma ya sayansi ya moto peke yake. Na akiwa paramediki kabisa, hatua ya juu zaidi ya EMT, ambayo ni zaidi ya saa elfu moja za darasani, hospitali na kwenye ambulensi, huyo idara zinamgombania. Ukweli ndo huo na mshauri wa koleji sio kila siku atakwambia, kwa sababu kazi yake ni kujaza viti vya darasa lake.

Mpaka hapa anayesema "usisome" anaonekana kashinda. Lakini mimi sikubaliani naye kirahisi hivyo, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hii sehemu ndo ninayoijali zaidi.

Kwenye ile diploma wanasoma nini? Koleji nyingi zinafuata mtaala wa mfano ambao ulipangwa chini ya Chuo cha Taifa cha Zimamoto kilichoko Emmitsburg, Maryland. Masomo yake ya msingi ni tabia ya moto na uunguaji, ujenzi wa majengo, mifumo ya kinga kama sprinkla na alamu, uzuiaji wa moto, kanuni za huduma za dharura, na usalama wa mzimamoto mwenyewe. Ukisoma haraka unaona ni nadharia tupu. Lakini moto wa leo sio moto wa babu zetu. Maabara ya UL walifanya jaribio la kuwasha vyumba viwili, kimoja kina samani za zamani, mbao na pamba na sufi, kingine kina samani za kisasa, sponji na plastiki na nailoni. Kile cha zamani kilichukua zaidi ya dakika 29 mpaka chumba kizima kikashika moto kwa mpigo. Cha kisasa kilichukua chini ya dakika 4. Hebu fikiria hiyo tofauti, gari la zimamoto linafika dakika ya 5 au ya 6 baada ya simu, maana yake zamani walikuwa wanafika moto ukiwa bado unajikusanya, leo wanafika chumba kimeshalipuka au kimekosa hewa kinasubiri tu mtu afungue mlango. Na mtu akifungua mlango au akivunja dirisha bila kuelewa anachofanya ndo anaulisha.

Hili sio jambo la kwenye vitabu. Tarehe 18 Juni 2007 kule Charleston, South Carolina, duka kubwa la masofa liliungua na wazimamoto 9 wakafa ndani kwa usiku mmoja. Wachunguzi wa taasisi ya serikali ya NIST walieleza baadae kwamba moto ulianzia kwenye takataka nje ya sehemu ya kupakulia mizigo, ukaingia ndani, na moshi na gesi moto zikakusanyika juu ya dari ya kuning'inia kwenye ukumbi wa mbele bila watu waliokuwa chini kuona, halafu vioo vya mbele vilipovunjwa hewa ikaingia na ule moto ukasomba ukumbi mzima. Jengo halikuwa na sprinkla. Ukiisoma hiyo habari polepole unakuta kila somo la ile diploma limo ndani yake, dari ya kuning'inia ni ujenzi wa majengo, gesi juu ya dari ni tabia ya moto, vioo ni hewa, kukosa sprinkla ni mifumo ya kinga. Miaka minne kabla ya hapo, 2003, klabu ya The Station kule West Warwick, Rhode Island, ilikuwa imebandikwa sponji ukutani, fataki za wanamuziki zikaiwasha, watu 100 wakafa. Mkaguzi anayeelewa sponji inavyoungua ana nafasi ya kuliona hilo janga mchana kweupe kabla halijatokea.

Watu wa kazini wanajibu, tena kwa haki yao, kwamba akademi nayo inafundisha tabia ya moto, ni lazima kwa viwango vya Firefighter I na II, yaani zile ngazi mbili za mwanzo za cheti cha mzimamoto, na mengine utayaona kazini ukiwa na kapteni mzoefu. Zamani hiyo hoja ilikuwa inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba moto wenyewe umepungua. Mwaka 1977 Marekani iliripoti moto zaidi ya milioni 3.2, mwaka 2020 ilikuwa kama milioni 1.4, na nchi ina watu wengi zaidi kuliko wakati ule. Ni habari njema sana kwa wananchi, lakini kwa mzimamoto mchanga maana yake uzoefu hauji kama ulivyokuwa unamjia kapteni wake, anaweza kumaliza mwaka mzima kwenye stesheni ya kitongoji ameingia nyumba zinazoungua mara chache tu, na siku ile anayoingia ndo samani ni za plastiki na sakafu imejengwa kwa mbao nyembamba zilizoshikanishwa na vibati ambavyo joto likipanda vinaachia. Uzoefu ukiwa haba inabidi kitu kingine kijaze lile pengo, na mimi naona darasa zuri linajaza sehemu yake. Akademi inafundisha mikono, kwa wiki kadhaa za jasho na kelele, hakuna nafasi ya kukaa na ramani ya jengo moja siku nzima mnaulizana moto ukianzia hapa utapita wapi.

Kwa hiyo elimu ni nzuri. Swali linabaki ni lini na kwa pesa ya nani.

Tuanze na pesa. Komyuniti koleji ya umma kwa mkaaji wa eneo ada ya mwaka ilikuwa wastani wa dola 4,050 hivi mwaka wa masomo 2024-25, na Pell Grant, yaani msaada wa masomo wa serikali kuu usiorudishwa, inafika mpaka dola 7,395 kwa mwaka kwa familia yenye kipato kidogo, na mkimbizi aliyepokelewa kisheria au mwenye grini kadi anastahili kujaza FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada huo, na kupata, sio raia peke yake. Ndo maana wengi wanaona ni bure basi mtoto asome tu. Sio bure kabisa jamani. Pell ina kikomo cha maisha, inalingana na mihula 12 ya masomo ya muda wote, ukitumia mihula 4 kwenye sayansi ya moto halafu ukabadili mawazo ukataka unesi au uinjinia umeshakula theluthi ya haki yako. Na diploma nyingi za sayansi ya moto ni zile za ufundi, krediti zake sio zote zinakubalika ukihamia chuo kikuu, uliza hilo kabla hujaandika jina. Shule za binafsi za biashara ndo kabisa naomba muwe makini, kuna familia zimekopa makumi ya maelfu ya dola kwa kozi ambayo koleji ya umma ya mtaa wa pili inafundisha kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na idara haikuuliza hata jina la shule.

Halafu kuna muda. Mshahara wa kati wa mzimamoto ulikuwa kama dola 57,000 kwa mwaka 2023, wa EMT kama dola 39,000. Kijana wa miaka 19 aliyeitwa na idara akaingia akademi anaanza kulipwa siku ya kwanza, anaanza kuhesabiwa miaka ya kazi na pensheni, na idara zipo zinazomlipia ada ya koleji akiwa kazini na zinazomwongezea hela kidogo kwenye mshahara kwa kuwa na digrii. Kwa ratiba ya saa 24 kazini na saa 48 nyumbani, ambayo ndo idara nyingi zinaitumia, kusoma kozi mbili kwa mtandao kwa muhula inawezekana kabisa. Ukiitwa leo ukasema nisubirini nimalize diploma, nafasi yako anachukua mwingine na orodha haikusubiri. Kwa huyo kijana jibu langu liko wazi, aende akademi, diploma ataipata baadae, na ataihitaji kweli, kwa sababu ukitaka kupanda uluteni, ukapteni, mpaka mkuu wa batalioni, idara nyingi zinadai krediti za koleji au zinampa pointi aliye nazo, na ile programu ya juu ya maofisa kule Emmitsburg haimchukui mtu asiye na digrii ya kwanza.

Ila sio majimbo yote yanafanana na hapa watu wanapotoshana sana mtandaoni, mtu wa Texas anamshauri mtu wa California kana kwamba ni nchi moja. California akademi nyingi za Firefighter I ziko ndani ya komyuniti koleji zenyewe, unaingia kama mwanafunzi, unatoka na vyeti vya jimbo, na ili uingie hiyo akademi mara nyingi unatakiwa uwe umesoma baadhi ya yale masomo ya sayansi ya moto kwanza. Huko kumwambia mtu asisome koleji ni kumpoteza. Na baada ya mioto ya Palisades na Eaton ya Januari 2025 vijana wengi wa huko wameamka kuitaka kazi hii, ushindani sio wa kawaida. Upande mwingine kuna majimbo ambayo wazimamoto wengi ni wa kujitolea. Kwa nchi nzima mwaka 2020 kati ya wazimamoto milioni 1.04 asilimia 65 walikuwa wa kujitolea, na idadi yao imeshuka kutoka karibu 898,000 mwaka 1984 mpaka 677,000, kwa hiyo vituo vinatafuta watu, vinakufundisha Firefighter I bila kukutoza, na vingine kama College Park kule Maryland vinampa mwanafunzi chumba cha kuishi stesheni akisoma huku akipanda gari simu ikija. Mtu anayeishi karibu na kituo kama hicho akaacha akaenda kulipia kozi ya darasani tupu, kwa kweli amekosa mtu wa kumshauri tu.

Sasa sisi wenyewe. Hili la uraia ndo linabadilisha hesabu nzima kwa watu wetu na silioni likizungumzwa. Idara nyingi kubwa zinataka uwe raia, New York kwa mfano lazima uwe raia siku unapoajiriwa, na wana umri pia, ukishafika miaka 29 kabla dirisha la maombi halijafunguliwa umechelewa, isipokuwa waliotumikia jeshi wana nafuu. Kazi za serikali kuu za moto wa misituni nazo ni uraia, na mwisho wa kuingia ni miaka 37. Zipo idara zinazokubali grini kadi, hizo zitafute kwa jina, piga simu uulize, usikisie. Mkimbizi anaomba grini kadi baada ya mwaka mmoja na tarehe yake inarudishwa nyuma mpaka siku aliyoingia nchini, kisha uraia unaombwa ikitimia miaka 5. Kwa hiyo chukua kijana wa Kikongo aliyefika Kentucky au Texas na miaka 17, mpaka awe raia ana 22, 23. Huyu hawezi kuitwa na idara inayodai uraia hata akikimbia ngazi kuliko wote. Kwake yeye ile miaka miwili ya koleji haimli chochote! Anasubiri hata hivyo. Akiitumia kupata EMT muhula wa kwanza, akafanya kazi ya ambulensi wikiendi ambako Kiingereza chake cha redioni kitanyooka, akasoma ujenzi wa majengo na tabia ya moto, akajitolea kwenye kituo kinachokubali grini kadi, siku anaapa kuwa raia anaingia kwenye foleni akiwa na sifa nzito. Ushauri wa "usipoteze muda" ulitolewa na mtu aliyezaliwa hapa, kwa kijana aliyezaliwa hapa, na kwao ni sahihi. Wazazi nanyi kumbukeni, mtoto mwenye grini kadi anayeishi na wewe akiwa chini ya miaka 18 siku unayoapishwa wewe, naye anakuwa raia hapohapo kwa sheria, kwa hiyo mzazi anayeahirisha kuomba uraia kila mwaka anaweza kuwa anamchelewesha mtoto bila kujua.

Kwa mlioko Tanzania, Kenya, Kongo mnaouliza kuja kwa viza ya mwanafunzi kusomea hii kitu, nawaambia kwa upendo kabisa fikirieni mara mbili. Ada ya mgeni ni kubwa mara kadhaa, FAFSA haikuhusu, ukimaliza una mwaka mmoja wa ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, idara za majiji hazitakuchukua, na viza ya kazi ya H-1B inataka kazi inayodai digrii ya kwanza na uzimamoto haudai. Kinachoweza kuwa na maana kwenu ni ule upande wa uzuiaji, ukaguzi, mifumo ya sprinkla na alamu, usalama viwandani, maana soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, Gikomba inaungua kila baada ya muda, na watu wanaojua kusoma jengo kabla halijaungua tunawahitaji sana nyumbani. Lakini hilo lina njia zake zingine za kulisomea, sio lazima Marekani.

Na huo upande wa uzuiaji ndo unanifanya nisiitupe diploma hata kwa yule aliyeitwa mapema. Hii kazi inakula mwili. Shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2022 liliuweka uzimamoto kwenye kundi la 1, yaani kazi ambayo imethibitika inasababisha saratani, na miaka mingi karibu nusu ya wazimamoto wanaofia kazini moyo ndo unawaua, sio moto. Migongo, magoti, usingizi unaokatika usiku kucha, sheria ya kazi yenyewe inawahesabia overtaimu baada ya saa 53 kwa wiki wakati wafanyakazi wengine ni 40. Mtu akiumia akiwa na miaka 38 na hana kingine zaidi ya cheti cha akademi, anabaki na nini? Mwenye diploma anaweza kuhamia kwenye ukaguzi wa majengo, uchunguzi wa chanzo cha moto, kampuni ya bima, kufundisha. Wazazi wetu wanaopenda "karatasi" kwa hili wana haki, hata kama hawajui kwa nini wana haki.

Nikikaa na kijana leo namwambia hivi. Kama ni raia na yuko tayari mwilini, aanze EMT, aombe idara zote anazoweza kufika, diploma aisome akiwa kazini na kwa pesa ya idara ikiwezekana. Kama hajawa raia, aingie koleji sasa hivi ila kwa mpango, na asichague programu kwa uzuri wa picha za gari jekundu. Aende ofisini aulize nikimaliza hapa nakuwa na Firefighter I na II inayotambuliwa na jimbo au nina karatasi ya darasa tu? EMT imo ndani au nalipia pembeni? Walimu ni watu waliofanya kazi idara za hapa, au wanafundisha kutoka kwenye slaidi? Krediti zikihamia chuo kikuu zinahesabiwa ngapi? Wahitimu wa mwaka juzi wameajiriwa na idara gani, nitajieni? Koleji nzuri itamjibu yote bila kukunja uso. Ikianza kuzungukazunguka, aondoke.

Na aliye bado sekondari hana haja ya kuamua lolote kuhusu koleji mwaka huu. Idara nyingi zina programu ya Explorer kwa vijana wa miaka 14 mpaka 20, wanakutana jioni, wanavaa magwanda, wanajifunza kufunga mafundo na kusimamisha ngazi, wengine wanaruhusiwa kupanda gari kutazama. Haina ada ya maana. Mzazi ampeleke mwanae huko mara moja, aongee na kapteni ana kwa ana amuulize hayahaya tunayobishania hapa, tena aulize kwa idara ileile anayotaka mtoto aiombe.